Wikendi Moja, Haki Tatu



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Wazee wangu, wazazi wangu, ndugu zangu vijana, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii baada ya futari. Najua kaimati bado ziko tumboni na tarawehe iko karibu, kwa hivyo sitawaweka sana. Nataka tuzungumze kuhusu jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni wikendi.

Najua kuna mtu pale nyuma anajiuliza, "Huyu ameacha fadhila za Ramadhani, anatuletea mambo ya wikendi?" Ngoja kidogo. Ramadhani ni mwezi wa saa. Yule kijana ambaye miezi mingine jua humkuta kitandani, mwezi huu anajua adhana ya Alfajiri ni saa ngapi na dakika ngapi. Daku ina wakati wake, futari ina wakati wake, tarawehe ina wakati wake. Kisha mwezi waandama, Mfungo Mosi waingia, na ratiba yote yavunjika siku hiyo hiyo. Na Idd ikiungana na Jumamosi na Jumapili, basi ndiyo kabisa! Asubuhi swala ya Idd, kutoka hapo kwa ami, kutoka kwa ami kuna mechi, baada ya mechi kuna harusi ya binamu, katikati rafiki apiga simu, na kazi ya chuo yangoja Jumatatu. Jumapili usiku mtu amechoka, mfuko mtupu, na nyanya kule nyumbani auliza, "Mbona yule hakunijia?"

Kuna mambo matatu yanayotuvuta katika siku kama hizo. La kwanza ni sherehe za watu wetu. La pili ni jamaa zetu. La tatu ni nafsi zetu, yaani yale mambo ambayo mtu ayapenda mwenyewe bila kulazimishwa. Wengi wetu twadhani haya matatu yapigana, kwamba ukienda kwa jamaa umekosa sherehe, na ukishughulika na mapenzi yako umewatupa jamaa. Mimi nawaambia yaweza kusaidiana, na yasiposaidiana yatakufa yote matatu, moja baada ya jingine.

Wale waliosoma madrasa wanakijua kisa cha Salman al-Farisi na Abu Dardaa (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha udugu. Salman alipokwenda kumtembelea nduguye alimkuta mke wa nyumba hajajipamba hata kidogo, akauliza kulikoni. Akaambiwa kwamba Abu Dardaa hana haja tena na mambo ya dunia. Chakula kilipoletwa, Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake, aliyekuwa amefunga saumu ya sunna, ale naye. Usiku Abu Dardaa alipotaka kusimama kuswali, Salman akamrudisha alale, na ulipofika mwisho wa usiku wakasimama pamoja. Ndipo alipomweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi kila mmoja apewe yake. Mtume alipopata habari alithibitisha kuwa Salman amesema kweli. Kisa hiki kimo katika Sahih Bukhari. Na tazameni vizuri: somo hili lote lilitolewa katika ziara ya kutembeleana!

Sasa tutafute mahali ambapo haki hizi zinakutana waziwazi. Mimi nimechagua Lamu. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na watu wengi nje wanaujua kwa tamasha lake la utamaduni, ambalo kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa mwaka, na kwa Maulidi yake ya Mfungo Sita katika Msikiti Riyadha. Siku hizo watu hurudi nyumbani. Wanaotoka Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha hupanda boti kuvuka. Ukishuka gatini wakuta mji umejaa. Kuna mashindano ya mashua, mbio za punda, kuogelea, bao, hina, mashairi na kirumbizi. Uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, hauna pa kukanyaga. Ngome yenyewe ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19, ikafanywa jela kuanzia 1910 hadi 1984, na leo iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Pale palipokuwa na wafungwa, sasa watoto huingia na kutoka wakicheka.

Haki ya kwanza: sherehe

Tuanze na sherehe, kwa sababu kuna ndugu zetu wanaoona kila furaha ni kupoteza wakati. Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao katika msikiti wa Madina siku ya Idd, na Mtume (s.a.w.) alisimama Bibi Aisha (r.a.) akiwa nyuma yake, akitazama mpaka aliposhiba yeye mwenyewe. Hakumharakisha. Basi mkiulizwa kama mtu aweza kutazama mchezo wa watu na wakati huo huo akawa na ahali zake, jawabu hilo hapo.

Vilevile kulikuwa na mbio za farasi Madina. Waliokuwa wamefanyizwa mazoezi walikimbizwa masafa marefu, na ambao hawakufanyizwa wakapewa masafa mafupi. Kwa hivyo hata katika mchezo, maandalizi yalihesabiwa.

Na hapo ndipo nataka tuitazame Lamu kwa jicho jingine. Wewe mtazamaji waona punda akipita mbio ufukoni, mpandaji hana hata tandiko, wapiga makofi, wapiga picha, basi. Lakini yule kijana hakukutana na punda wake asubuhi ile. Katika vichochoro vile ambavyo gari haliwezi kupita, punda ndiye mbeba mawe, mchanga, saruji na magunia. Kijana huyo amemfuata punda tangu akiwa mtoto, amjua akichoka, amjua akiogopa. Anayempiga na kumtesa mnyama wake mwaka mzima hawezi kumtaka amtii kwa siku moja.

Mashua nazo ni vivyo hivyo. Upepo ukiwa wa mbele, nahodha hawezi kwenda moja kwa moja, yabidi abishe, mara upande huu mara upande huu. Kila anapogeuza, foromali na tanga huhamishwa, na mabaharia hukimbilia upande mwingine ili uzito wao uzuie chombo kisilale. Mmoja akichelewa, wote wameingia maji. Kitu kama hicho hakifundishwi Jumamosi asubuhi kwa kipaza sauti. Alikifundisha baba, au mjomba, au jirani, katika safari za kwenda kuvua ambazo hakuna aliyezipigia makofi.

Kwa hivyo sherehe ni siku ya mtihani, na masomo yalikuwa nyumbani. Nyumbani wakiacha kufundisha, mtihani utabaki bila wanafunzi. Tutakuja tukodi watu wavae kanzu na kucheza kirumbizi ili wageni wapige picha, na sisi wenyewe tutakuwa wageni miongoni mwa wageni. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Haki ya pili: jamaa

Wikendi za sherehe zina baraka moja kubwa: watu huwa wako. Ami aliyeko Nairobi amekuja, khalati aliyeolewa Malindi amekuja, binamu wanaosoma mbali wako likizo. Pengine mwaka mzima hamtakaa tena katika sinia moja. Na sisi vijana twafanya nini? Twaingia, twatoa shikamoo, twala pilau, twatazama simu, twasema "haya, twaja," twatoka. Robo saa! Na hiyo twaiita kuunga udugu.

Ndugu yangu, mzee hataki zawadi ya bei. Ataka uulize. Muulize nyanya yako alifundishwa na nani kusuka ukili. Muulize babu safari yake ya kwanza baharini ilikuwa ya kwenda wapi. Muulize ni nani aliyelijenga baraza mnalokalia. Hayo hayamo katika kitabu chochote cha maktaba ya chuo, na siku mzee akiondoka huondoka nayo.

Pana jambo jingine hapa, na kina kaka mnisamehe, lakini lazima nilitaje. Ukoo unapokusanyika, kuna watu ambao hawaioni hiyo wikendi. Alfajiri wamo jikoni. Nazi zakunwa, vitunguu vyamenywa, nyama ya pilau yachemka, mahamri yasukumwa. Mchana wapakua. Alasiri, wakati mashua zapita mbele ya mji, wao waosha sufuria. Usiku, wakati mashairi yasomwa Mkunguni, wao walaza watoto. Ni dada zetu, mama zetu na wake zetu. Kisha kijana atoka kutazama mbio, arudi na kuuliza, "Chai iko wapi?"

Kama nafsi yako ina haki, na ya dada yako je? Ile habari ya Bibi Aisha kutazama mpaka akashiba twaisoma kila Idd. Nani katika nyumba yako ametazama mpaka akashiba? Bibi Aisha huyo huyo alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wake mpaka wakati wa swala ufike. Basi kukuna nazi hakutampunguzia mtu uanaume. Vijana wanne wakigawana kazi ya saa tatu, kina dada nao watafika ufukoni kabla ya mashua ya kwanza kung'oa nanga. Hesabu ni ndogo, kazi ni kuinuka kitini.

Haki ya tatu: nafsi

Sasa twafika kwenye mambo mtu ayapendayo. Kila mmoja wetu ana kitu. Mwingine mpira, mwingine picha, mwingine kusoma riwaya, mwingine kompyuta. Sisemi muyaache. Ninasema, chukua pia kimoja ambacho mwalimu wake yuko katika ukoo wako.

Chukua mfano wa bao. Watu hulidharau kwa sababu huliona limezungukwa na wazee barazani. Lakini lina mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32. Mwanzoni huweka 10 tu ubaoni, 6 kati ya hizo katika nyumba, na 22 hubaki mkononi azitie moja moja wakati wa kunamua. Mpaka zimalizike ndipo mchezo huingia mtaji. Bingwa wa bao aona hatua kadhaa mbele bila kalamu wala karatasi. Wewe unayesomea hesabu au uhandisi, nenda ukae na mzee huyo saa mbili uone kama hutatoka jasho! Na katika saa mbili hizo umefanya mambo matatu: umecheza, umemtembelea mzee, na umejiandaa kwa tamasha lijalo.

Au chukua kofia. Kofia ya viua hushonwa kwa mkono. Nakshi huchorwa juu ya kitambaa cheupe, matundu hutobolewa moja moja, na kila tundu huzungushiwa uzi. Kofia nzuri yaweza kuchukua miezi. Ni kazi unayoweza kuifanya ukiwa barazani, ukisikiliza hadithi za wazee. Mikono yafanya kazi na masikio yafanya kazi.

Kina dada nao, msidhani urithi wenu ni hina peke yake. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliandika utendi wake katika miaka ya 1850 kwa ajili ya binti yake. Yaani mojawapo ya tungo zinazosomwa mpaka leo katika vyuo vikuu ilianza kama mazungumzo ya mama na mwanawe ndani ya nyumba. Hakuwa akiliandikia tamasha.

Na tumtaje marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Matondoni, kisiwani Lamu, mwaka 1927, na kufariki mwaka 2017. Matondoni ni kijiji cha mafundi wa vyombo. Mwaka 1979 ulitoka utenzi wake uitwao Sambo ya Kiwandeo, unaoeleza kwa mashairi jinsi jahazi la Lamu linavyoundwa na majina ya vifaa vyake. Maneno ambayo fundi aliyatamka akiwa na tezo mkononi, yeye aliyapa nyumba ya kudumu. Mapenzi yake ya mashairi yaliihifadhi kazi ya kijiji kizima. Mtu akikuambia kwamba kupenda mashairi ni kupoteza wakati, mtajie jina hilo.

Ratiba yenyewe

Mtasema, "Maneno mazuri, lakini wakati uko wapi?" Haya, tupige hesabu ya dukani. Kutoka Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60. Lala saa 8 kwa usiku, mausiku matatu, ni saa 24. Zabaki 36. Toa saa 9 za kula, kuoga, kuswali na kwenda huku na huku. Zabaki 27. Gawa kwa tatu: saa 9 za sherehe, saa 9 za jamaa, saa 9 zako mwenyewe, zikiwemo za kazi ya chuo. Nani hapa aweza kusema kwa haki kwamba wikendi iliyopita alimpa mamake saa 9?

Na ndani ya saa hizo 60 kuna swala 13, kuanzia Maghribi ya Ijumaa hadi Alfajiri ya Jumatatu. Hizo ndizo vigingi vya hema. Ukizifunga vizuri, hema halitapeperuka. Panga hivi: baada ya Maghribi ya Ijumaa, kwa wazee. Jumamosi asubuhi, jikoni na sokoni, wote, wake kwa waume. Baada ya Alasiri, ufukoni au uwanjani, wote vilevile. Jumapili asubuhi, ubao wako wa bao, kofia yako, daftari lako la mashairi, pamoja na anayekufundisha. Jumapili jioni, vitabu vya chuo. Na adhana ikilia katikati ya mbio, mbio zitakuwepo mwakani inshaallah.

Wewe ambaye si mtu wa Lamu usiseme hayakuhusu. Kama kwenu ni Mumias, Kisumu, Garissa, Kwale au Eastleigh, watu wako wana sherehe zao, wana wazee wao, na wana kazi za mikono ambazo mabingwa wake sasa wana mvi. Badilisha majina tu, hesabu ni ile ile.

Nawaomba jambo moja tu kabla ya kukaa. Idd hii inayokuja, kila mmoja wetu achague mzee mmoja katika ukoo wake na kitu kimoja ambacho mzee huyo anakijua kwa mikono yake. Aende na kaka zake na dada zake, wapike pamoja, wale pamoja, kisha aseme, "Nifundishe." Asiende na kamera siku ya kwanza. Aende na mikono mitupu.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, awarehemu waliotutangulia, awape umri na afya wazee tulio nao, na atupe akili ya kuwafuata kabla hatujaanza kuwatafuta. Idd Mubarak ya mapema.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.